Wote Wamekwenda Bursa

Nina ulimi mkali, sikatai. Profesa Lozanov aliponiambia kwamba nafasi mia moja zilizo tupu kwenye jedwali langu si jambo la kumkosesha mtu usingizi, nilimjibu kuwa mimi sijalala siku nne, na kama yeye analala vizuri basi aniazime mto wake. Katibu wake alicheka, akajitia kukohoa. Profesa hakucheka.

"Siku kumi, Zdravka," alisema. "Siku kumi, kisha kamati inakaa. Ujaze hizo nafasi kama tulivyokubaliana tangu mwanzo, uniletee jibu, tumalize."

Jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa baya. Tulikuwa Plovdiv, Agosti inaunguza lami, na kwenye meza yangu kulikuwa na miaka mitatu na nusu ya jaribio la dawa ya vidole. Wanawake mia nne na kumi na wawili wa milima ya Kardzhali, kusini karibu na Uturuki, wote na viungo vilivyovimba na kupinda. Nusu yao walikuwa wanameza dawa, nusu wanameza vidonge vya unga mtupu, na hakuna aliyejua nani anameza nini. Hata mimi niliyekuwa nazihesabu namba zao nilijua rangi tu: Kijani na Njano. Kila Februari na kila Agosti walikuja kliniki, wakabana kifaa cha chuma kwa kiganja, mshale ukaonyesha kilo. Kamati ikiona kwamba kundi moja halina nafuu kuliko jingine, jaribio linafungwa. Likifungwa, dawa imekufa, vidonge vinarudi kiwandani, na wale wanawake wanaambiwa ahsanteni, nendeni zenu nyumbani.

Nami nilikuwa nimeshazijaza nafasi kama Profesa alivyotaka, nikaona kwamba Kijani na Njano wamelingana kabisa.

Shida ni wale wasiokuja. Kuna msemo, asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye takwimu msemo huo ni balaa. Profesa alikuwa na dawa yake ya zamani: asiyekuja Agosti, mwandikie namba yake ya Februari. Rahisi, safi, na nilimwambia usoni kuwa ni uongo uliovaa tai. Februari milimani kule ni theluji hadi dirishani, vidole vya kila mtu vinakuwa kama mbao. Unamchukuaje mtu wa Agosti ukamvika mkono wa Februari?

Tena waliokosa hawakugawanyika sawasawa. Agosti ile Kijani walikosa sabini na mmoja, Njano ishirini na tisa.

"Inaonekana wazi," Profesa alisema. "Kama Kijani ndiyo dawa, basi inawavuruga matumbo, wanakimbia. Haiponyi na inafukuza watu."

"Mtu aliyekimbia anarudi kila Februari?"

"Wanarudi?"

"Wote, Profesa. Miaka mitatu. Agosti hawapo, Februari hao hapo, wamekaa kwenye benchi na skafu zao, wanauliza chai iko wapi."

Alivua miwani akaifuta. Huwa anaifuta akitaka kufikiri. "Fomu zinasema sababu gani?"

Fomu zilisema jambo moja. Kati ya mia, themanini na tatu zilikuwa na maneno yaleyale kwa mwandiko uleule wa muuguzi: *amekwenda Bursa kwa watoto.* Nikawa nimeridhika nalo. Nusu ya ukoo wa kila mtu wa kule walihamia Uturuki zamani, na mjini Bursa wana watoto, wajukuu, binamu. Mtu kwenda kuona wajukuu wakati wa kiangazi, kuna la ajabu gani?

Ila kukaa ofisini kulinishinda. Asubuhi ya siku ya pili niliwasha gari, nikashika njia ya Haskovo kushuka Kardzhali, niende nikamwone huyo muuguzi, fomu zake nikiwa nazo garini. Kilomita thelathini kabla ya mji, magari yakasimama. Msururu usioonekana mwisho. Joto, honi, watoto wanachungulia madirishani, mabegi yamefungwa juu ya paa kwa kamba. Nikaanza kutukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Mbele yangu kulikuwa na gari jeupe lenye namba ya Uturuki inayoanzia kumi na sita. La pembeni, kumi na sita. La nyuma, kumi na sita pia.

Kumi na sita ni Bursa.

Nilikaa pale mdomo wazi. Agosti watu hawaendi Bursa! Agosti Bursa nzima ndiyo inayokuja huku, kwa harusi, kwa kutahiri watoto, kwa kula pilipili za mama. Kila mtoto wa Kardzhali anajua hilo, na mimi nina digrii mbili na nilikuwa sijui. Nilipiga usukani kwa viganja vyote viwili, nikapiga kelele peke yangu garini, hadi baba mmoja kwenye lile gari jeupe akashuka akaja kuniuliza kama ninaumwa.

"Siumwi," nilimwambia. "Kaka, unakwenda kwa nani?"

"Kwa mama."

"Yupo nyumbani?"

"Atakuwa wapi Agosti? Yuko kwenye tumbaku."

Ningeweza kumbusu.

Nefize, muuguzi wetu wa Kardzhali, ni mwanamke mfupi mwenye nyusi nzito, mzaliwa wa vijiji vya juu. Nilimkuta anakunywa ayrani, mtindi uliochanganywa na maji, nyuma ya kliniki. Nilimwekea zile fomu themanini na tatu mapajani.

"Wote Bursa?" niliuliza.

"Ndivyo walivyosema."

"Nefize."

"Dokta, mimi naandika ninachoambiwa."

"Nimetoka barabarani sasa hivi. Bursa iko kwenye foleni. Hata mahali pa kuegesha punda hapatakuwepo mjini leo. Nani alibaki Bursa wa kuwapokea hao wanawake wako?"

Aliweka glasi chini polepole. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo kwenye ngazi za kliniki.

"Wako kwenye tumbaku," alisema. "Wamerudi kutunga majani kwenye nyuzi. Ile karatasi mliyowasainisha ilisema wasifanye kazi nzito ya mikono, la sivyo wanaondolewa. Wakaniapisha. Wengine ni shangazi zangu, wengine ndio walionilea. Ningefanyaje? Na nyinyi watu wa Plovdiv, nani aliwatuma muweke kipimo Agosti? Hakuna mtu mwenye akili hata kidogo anayemwita mwanamke wa kwetu mjini mwezi wa Agosti! Mngeniuliza ningewaambia."

Alikuwa na haki na nilimwambia hivyo. Kuuliza si ujinga. Sisi tuliona bora tuwe wajinga kimyakimya.

"Kwa hiyo wamepona," nilisema. "Nefize, huoni? Aliye na vidole vibovu hawezi kutunga tumbaku, kwa hiyo anakuja kliniki. Aliyepona ndiye asiyekuja! Na sisi tumekuwa tukiwavika wazima mikono yao ya baridi. Tumewafanya wagonjwa kwa kalamu!"

Nilimpigia Profesa palepale, nikamwaga yote bila kupumua. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni hadithi nzuri," alisema.

"Si hadithi!"

"Ni hadithi, Zdravka, mpaka uipime. Unataka niwaambie kamati kwamba sabini na mmoja wamepona kwa sababu wewe ulikwama kwenye foleni? Jana uliniita mwongo aliyevaa tai."

Sikumwita hivyo yeye, niliiita ile njia yake.

"Hutajaza unachotamani," aliendelea. "Piga kura kati ya wale waliokosa. Ishirini kutoka Kijani, ishirini kutoka Njano, kompyuta ichague. Rangi zibaki kwangu kabatini. Orodha iwe majina matupu. Nefize apime, wewe uandike, na unachokikuta ndicho unachoandika. Sawa?"

Nilimchukia kwa dakika nzima, kwa sababu alikuwa amesema sawasawa nilichopaswa kusema mimi.

Tulianza siku ya nne. Gari la Nefize, Opel kongwe isiyo na feni, lilitupandisha vijiji ambavyo njia zake zinaishia kwenye zizi la mtu. Saa moja asubuhi wanawake walikuwa wameshatoka shamba, wamekaa uani chini ya turubai, wanatunga. Jani baada ya jani kwenye sindano ndefu, kama mtu anayetunga ushanga, kisha rundo lote linateleza kwenye uzi na kuning'inizwa likauke. Mikono yao ilikuwa myeusi ti kwa gundi ya tumbaku. Na iliruka, ile mikono!

Wa kwanza alipotuona alificha sindano chini ya sketi.

"Nimerudi jana kutoka Bursa," alisema.

"Na hayo majani umeyatoa Bursa?" Nefize alimuuliza. Ua zima likaangua kicheko. "Toa mkono, shangazi. Hakuna anayeondolewa. Dokta ameapa."

Akabana chuma. Mshale ukaruka hadi ishirini na tatu. Februari alikuwa amebana kumi na mbili. Nilitaka kucheza pale uani. Wa pili, ishirini na moja. Wa tatu, ishirini na nne, na gundi yake ikabaki kwenye kifaa hadi Nefize akaomba nyanya mbichi tukisugue, maana hakuna kitu kingine kinachoitoa. Kila nyumba tulipewa kahawa, kila nyumba tuliambiwa tule, na mimi nilikuwa najaa furaha kuliko chakula.

Si wote waliokuwa hivyo, lakini wengi. Watatu, nisiwasingizie, walikuwa Bursa kweli.

Siku ya saba tulifika kwa Bi Hava.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mwembamba, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde. Alikuwa ametuandalia banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, tangu asubuhi kwa sababu habari zetu zilikuwa zimetutangulia. "Njoo, mwanangu!" alinipigia kelele. "Njoo uione mikono ya Hava! Vidonge vyako ni baraka, nimemwambia kila mtu!"

Nikaona sindano yake imefungwa kwenye kifundo cha mkono kwa kitambaa. Alikuwa analisukuma jani kwa kisigino cha kiganja, vidole vimekunjwa kama makucha ya kuku. Rundo lake lilikuwa nusu ya marundo ya wakwe zake.

Nefize alimpa kile chuma. Bi Hava alikibana hadi mishipa ya shingo ikatoka. Mshale ulijikokota, ukasimama kwenye saba.

"Kimeharibika," alisema.

Alijaribu tena. Saba.

"Bi Hava," nilisema, "kwa nini hukuja kliniki? Ungekaa, ungepumzika."

"Wote wapone, mimi peke yangu nikae kwenye benchi lenu na wagonjwa?" Alitazama pembeni. "Niliwaambia nimepona. Nilidhani nikisema kila siku, vidole vitasikia."

Kisha akanishika mkono, gundi na yote, akanivuta karibu. "Nefize ameniambia. Namba zikiwa mbaya, wanatunyang'anya vidonge sisi wote. Mwanangu, andika ishirini. Nani atajua? Andika ishirini, wengine wasinyang'anywe kwa ajili ya vidole vyangu."

Sijawahi kutamani kuandika uongo kama siku hiyo. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilifikiria wale waliobana ishirini na tatu. Nilifikiria kamati, siku tatu zimebaki. Na nilijua kuwa nikiandika ishirini, sitofautiani na yule aliyewavika wanawake wazima mikono ya Februari, ila mimi nitakuwa nimemvika mgonjwa mkono wa mtu mwingine, na yeye mwenyewe, Hava, atakuwa hayupo popote duniani.

"Ni saba, Bi Hava," nilisema, nikaandika saba.

Alinyang'anya sahani ya banitsa kutoka mbele yangu. Baadaye akairudisha, akisema si vizuri mgeni aondoke na njaa, hata mgeni mkaidi.

Siku ya nane na ya tisa sikutoka kwenye kompyuta. Watu thelathini na saba tuliowapima walinifundisha jinsi wasiokuja wanavyofanana: nani ni wa tumbaku, ana shamba kubwa kiasi gani, alibana kilo ngapi Februari. Kwa kila nafasi iliyobaki tupu sikuandika namba moja, kwa sababu siijui na sitaki kujifanya naijua. Niliijaza mara hamsini, kila mara kwa namba tofauti inayowezekana, kutoka kwa wanawake wanaofanana naye. Majedwali hamsini, majibu hamsini. Yakitawanyika sana, ujue hujui kitu. Yakikaa karibu, unajua kidogo, na unajua pia ni kidogo kiasi gani. Hiyo ndiyo heshima pekee ninayoweza kumpa mtu asiyekuwapo.

Profesa alikuja akasimama nyuma yangu. Majibu yalikuwa yanashuka kwenye kioo moja moja. Kijani mbele. Kijani mbele. Kijani mbele, kwa zaidi ya kilo nne.

"Sasa wafanye wabaya," alisema.

"Nini?"

"Wale ambao hatukuwafikia. Wapunguzie wa Kijani kilo moja kila mmoja. Tuone kama tofauti inaanguka."

Nikapunguza moja. Haikuanguka. Mbili. Haikuanguka. Tatu, na bado Kijani walikuwa mbele, ingawa kwa wembamba. Tulipofika kilo tano ndipo ikalala.

"Kilo tano," Profesa alisema. "Wangehitaji wote kuwa akina Hava." Alishavua miwani, na safari hii hakuwa anaifuta. "Zdravka, ile saba yako. Ungeandika ishirini, ningekuwa sina la kuiambia kamati. Wangekuta moja tu ya namna hiyo, wangetupa zote."

"Nani alikwambia kuhusu ishirini?"

"Nefize anasema kila kitu, ukimuuliza."

Kamati ilikaa kwa saa tano nzima. Sisi tulikaa korido tukila mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha Profesa. Mlango ulipofunguka mwenyekiti alisema neno moja: liendelee. Nilimkumbatia Profesa, jambo ambalo hatujawahi kulizungumzia tena.

Jaribio liliendelea hadi miaka mitano ikatimia. Miezi haikuweza kubadilishwa, maana Agosti hailinganishwi na Novemba, lakini fomu zilibadilika: sasa Nefize anaandika ukweli, na asiyekuja anafuatwa. Mwezi wa Machi tukafungua bahasha za rangi. Kijani ndiyo iliyokuwa dawa. Nilitafuta jina moja kabla ya mengine yote. Hava alikuwa Njano. Miaka mitano mwanamke yule alimeza unga akautangaza kwa kijiji kizima kuwa ni baraka.

Wote wa Njano wakaanza kupewa dawa yenyewe, na tukaendelea kuwapima. Februari iliyofuata Bi Hava alikuja na skafu yake, akabana kumi na moja, akaenda kutafuta chai.

Agosti nikafungua jedwali. Nafasi yake ilikuwa tupu. Pembeni, kwa mwandiko wa Nefize, neno moja: *tumbaku.*

Niliruka kitini. Kisha nikajikemea mwenyewe. Hata safari ile alikuwa kwenye tumbaku, na mkono wake ulikuwa saba. Nilichukua kile chuma, nikawasha gari, nikakaa kwenye foleni ya watu wa Bursa saa mbili nzima nikiimba.

Alikuwa uani, chini ya turubai. Kitambaa hakikuwepo kifundoni. Sindano ilikuwa kati ya vidole vyake, vidole vilevile vilivyopinda, lakini vilikuwa vinakwenda. Rundo lake sikulipima kwa macho, nilishakoma kupima vitu kwa macho.

"Nilijua utakuja," alisema bila kuinua kichwa. "Lete hicho kidude chako."

Akakibana kwa mkono mweusi ti. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama kwenye kumi na tisa. Aliutazama. Mimi nilikuwa naona ukungu wa machozi tu.

"Andika ishirini," alisema.

"Kumi na tisa, Bi Hava."

"Mkaidi wewe!" alipiga kelele, na bonde zima likasikia anavyocheka. Nikaandika kumi na tisa.